Ndege Iliyombeba Mtu Mwingine

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2023, hapa Toronto ninapoishi, lilisemwa jambo ambalo halikuwepo na mpaka leo halijaja: kwamba Shohei Ohtani, Mjapani anayeweza kuurusha mpira wa besiboli na kuupiga kwa ustadi ambao wengine hupewa mmoja tu, yumo ndani ya ndege akija kusaini mkataba na timu yetu ya Toronto Blue Jays. Siku ile sikufanya kazi ya maana. Nilikuwa nimefungua kwenye simu ramani ya safari za ndege, nikiitazama ndege ndogo ya binafsi iliyoruka kutoka kusini mwa California ikiivuka Marekani taratibu, na kadiri ilivyoyakaribia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ndivyo nilivyozidi kuhesabu dakika, kama mtu anayemsubiri ndugu yake uwanja wa ndege.

Ilipotua, aliyeshuka alikuwa Robert Herjavec, mfanyabiashara Mkanada ambaye wengi wanamfahamu kwa vipindi vya televisheni vya wawekezaji. Ohtani alikuwa nyumbani kwake California. Kesho yake alitangaza mwenyewe kwenye Instagram kwamba anakwenda Los Angeles Dodgers, na mkataba ukajulikana kuwa wa miaka 10 kwa dola milioni 700.

Kwa msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka, usajili huu wa majira ya baridi unahitaji maelezo kidogo. Katika besiboli ya Marekani klabu haziuziani wachezaji kwa ada kubwa kama klabu za Ulaya zinavyofanya. Hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, na mara nyingi anayebadilishwa haulizwi anapenda nini, anaamka asubuhi na kuambiwa kwamba sasa ni mtu wa timu ya Cleveland. Mchezaji hupata uhuru wa kujichagulia timu baada ya kutimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu na mkataba wake kuisha. Ndiyo maana mchezaji huru wa kiwango cha Ohtani, ambaye alikuwa ameitumikia Los Angeles Angels tangu 2018, huzua kishindo kikubwa: hiyo huenda ikawa mara yake ya mwisho kuuliza mji gani unamfaa, huku klabu nzima nzima zikisubiri kama wachumba sebuleni.

Wakala wa Ohtani, Nez Balelo, aliyafanya mazungumzo yote kuwa siri. Meneja mkuu wetu, Ross Atkins, alizungumza na waandishi kwa video wakati wenzake wako Nashville kwenye mkutano wa mwaka, na alikataa kusema yuko wapi. Kocha wa Dodgers, Dave Roberts, alipokiri wazi kwamba wamekutana na Ohtani, wengi wetu huku tulishangilia, tukidhani kwamba amevunja mwiko na kujiharibia. Pengo lile la habari ndilo lililojazwa na ndege. Zilizuka hata tetesi kwamba Yusei Kikuchi, mrushaji wetu wa wakati huo aliyesoma shule moja na Ohtani huko Hanamaki, ameukodi mkahawa mzima wa sushi karibu na uwanja. Nakiri kwamba niliitafuta namba ya mkahawa ule. Sikupiga, lakini niliitafuta.

Baadaye nilijifunza kuuliza swali moja kila ninaposoma tetesi: hii inamfaa nani? Wakala anafaidika timu tano zikitajwa badala ya mbili, kwa kuwa bei hupanda kila anapoongezeka mnunuzi, na pale ambapo hakuna wa kumtaja basi hutajwa "timu ya siri", ambayo sisi mashabiki tumeshaizoea kama jini la hadithi. Klabu nayo inafaidika kuonekana imejaribu, hasa ikiwa tiketi za msimu ujao bado zinauzwa. Mwandishi anafaidika kwa kuwa wa kwanza. Anayebaki bila faida ni mtu kama mimi, ambaye hana anachouza, na ambaye hata hivyo ndiye anayeamka saa nane za usiku kuangalia simu. Toronto ina unyonge wake wa ziada katika biashara hii: tangu timu ya Expos iondoke Montreal mwaka 2004 ndiyo timu pekee ya ligi kuu iliyo nje ya Marekani, na kila mchezaji mkubwa anapoitaja hatujui kama anatutaka kweli au anatutumia kama kijiti cha kumchapia mnunuzi mwingine.

Swali hilo halikunisaidia sana. Mwaka mmoja baadaye, tena tarehe 8 Desemba, mpigaji nyota Juan Soto alikubaliana na New York Mets kwa miaka 15 na dola milioni 765, na sisi tulikuwa miongoni mwa timu za mwisho mwisho. Safari hiyo sikufuatilia ndege yoyote, nikajiona nimekomaa.

Kisha akaja Roki Sasaki, mrushaji wa Kijapani. Kijana huyu alikuwa hajatimiza miaka 25, hivyo kanuni zilimhesabu kama chipukizi wa kimataifa, na kila klabu ilikuwa na fungu dogo tu la kumlipa. Fedha zikiwa zimewekewa mpaka, tetesi zikahamia kwenye kila kitu kingine: hali ya hewa, walimu wa urushaji, Wajapani wangapi wako mjini. Tarehe 17 Januari 2025 klabu yetu ilikubali kumpokea Myles Straw kutoka Cleveland pamoja na mkataba wake, ili ipewe sehemu ya fungu la Cleveland na kuongezea kwenye dau la Sasaki. Saa chache baadaye Sasaki alitangaza kwamba anakwenda Dodgers. Nilimpigia dada yangu aliyeko Tanga, ambaye haijui besiboli lakini ananijua mimi, akacheka mpaka simu ikakatika. Tulikuwa tumekosa mwana na maji ya moto, na mkononi tumebaki na mlinzi wa uwanja wa nje ambaye msimu wa 2024 karibu wote aliucheza katika ligi ya chini.

Straw yule tulimpenda. Ana mbio, anadaka mipira ambayo mimi tayari nilikuwa nimeshaihesabu kuwa imepotea, na alikuwamo katika kikosi kilichotufikisha fainali ya Oktoba 2025, ya kwanza kwetu tangu tulipotwaa ubingwa wa 1992 na 1993. Wapinzani walikuwa Dodgers. Katika mchezo wa kwanza, tukiwa tunaongoza kwa mbali, uwanja mzima ulimwimbia Ohtani akiwa na gongo mkononi kwamba hatumhitaji, nami niliimba mbele ya televisheni kwa sauti yote, nikijua kabisa kwamba ni uongo. Mchezo wa saba yeye ndiye aliyeanza kurusha, na Bo Bichette wetu, akiwa na goti ambalo halijapona vizuri, akaupiga mpira wake mpaka nje ya uzio na kutupatia pointi tatu. Tulifungwa 5 kwa 4 katika kipindi cha 11. Kuhusu usiku ule sitaandika zaidi.

Siku chache baadaye Bichette naye akawa mchezaji huru. Tulikuwa naye tangu 2019, na jina lake likaingia katika orodha zilezile nilizokuwa nazisoma nikitafuta majina ya watu wa kwingine. Huko New York, au kokote, alikuwapo mtu aliyekwisha kumvisha jezi ya timu yake kichwani mwake. Kila niliposoma kwamba klabu fulani "ina nia", niliuliza inamfaa nani, nikajibu kwamba inamfaa wakala, nikaiweka simu chini, na baada ya dakika kumi nikaichukua tena kuona kama kuna klabu nyingine iliyoongezwa.