Choo cha kijani chini ya taa za bluu

Manjano ya mwanangu mchanga, yaani ngozi na macho kuwa njano, yenyewe hayakunitisha sana. Kilichonitisha ni kuharisha kulikoanza baada ya kulazwa hospitalini chini ya taa za bluu za kutibu manjano. Choo chepesi, kijani kilichokolea, na kabla sijamaliza kumfunga nepi safi anatoa tena. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Makorora na chupa ya uji, alichungulia akasema, "Mwanangu, huu mchango. Nikuletee dawa?"

Nikamwomba tumuulize nesi kwanza, na nashukuru alitueleza kwa utulivu. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa, kwa hiyo bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, hurundikana mwilini. Mwanga wa bluu huibadilisha ikiwa ngozini, ikaweza kutoka bila kulisubiri ini liishughulikie: nyingine kwa mkojo, nyingine kwa nyongo mpaka utumboni. Huko ndiko choo kinakolegea na kugeuka rangi. "Hayo unayoyafuta, mama, ndiyo manjano yenyewe yanatoka. Na bibi, shikamoo, dawa ya mchango asipewe, wala maji. Maziwa ya mama tu."

Basi kazi ikawa maziwa. Mtoto aliye chini ya taa hupoteza maji kwa choo na kwa ngozi pia, hivyo nilimnyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Manjano humpa mtoto usingizi mzito. Nilikuwa namsugua nyayo ili aamke. Akichoka kunyonya, nakamua na kumnywesha kwa kikombe. Tukimaliza, kitambaa cha macho kinarudi na yeye anarudi kwenye taa, maana tiba inafanya kazi akiwa pale tu.

Makalio nilimsafisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu, bila sabuni, kisha namkausha kwa kugusagusa na kipande cha kanga kuukuu. Mafuta ya nazi, ambayo kwetu Tanga hayakosi kwenye kikapu cha mzazi, yalisubiri. Nesi hakutaka apakwe chochote akiwa chini ya mwanga.

Niliambiwa nimwite haraka nikiona mkojo umepungua, midomo imekauka, utosi umebonyea, damu kwenye choo, au mtoto anakataa kunyonya. Choo cheupe nacho si cha kungoja, kwani huenda nyongo haipiti.

Taa zilipozimwa, choo kilibaki chepesi kwa muda kidogo, kisha kikarudi kuwa njano. Damu ilipimwa tena kabla ya kuruhusiwa, na bilirubini haikuwa imepanda.