Charger ya baba: kumbukumbu za gereji

Wiki ya 1
Turubai limetoka. Chini yake kuna gari, Dodge Charger ya 1969, injini ya V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 383, yaani lita 6.3, na kabureta ya Carter, kichanganyio cha petroli na hewa, yenye matundu manne. Baba aliiegesha miaka 11 kabla ya kufariki, hakuiwasha tena. Kwenye mirathi ndugu zangu walichukua vitu vyenye faida, mimi nikapewa funguo.

Sina nia ya kuifanya iwe mpya. Nataka itembee. Kila nitakapokuta kazi ya mkono wa baba nitaamua papo hapo, ibaki au itoke. Honi inapigwa kwa kitufe cha kengele ya mlangoni: ibaki. Fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara: itoke, tena leo hii, kabla hatujaungua sote.

Wiki ya 2
Sikuthubutu kupiga stata. Nilitoa plagi zote 8, nikamimina oili kidogo kila tundu, nikaacha silinda zilowe. Kisha spana ndefu kwenye bolti ya mbele ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini. Siku ya kwanza ilikuwa kama kusukuma ukuta. Siku ya nne ikasogea upana wa kidole, ikagoma, ikasogea tena, halafu ikazunguka mzunguko mzima. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Petroli ya tangini ilikuwa nyeusi, inanuka vanishi. Tangi limeshuka, mipira yote ya petroli nimeitupa. Petroli nyingi ya siku hizi ina ethanoli, nayo hula mpira wa zamani.

Wiki ya 3
Hii naiandika kwa aibu. Magurudumu ya kulia yalifunguka bila shida. Nikahamia kushoto, nati ya kwanza ikakataa. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa wili spana, nikasimama juu yake kwa uzito wangu wote. Bolti ikakatika, nami nikatua kwa goti.

Bolti zote za kushoto zilikuwa na tone la rangi nyekundu kichwani. Nilidhani ni pambo. Nilipofuta moja kwa kitambaa chenye petroli, chini yake nikaona herufi L. Kumbe enzi hizo Chrysler, kampuni mama ya Dodge, waliweka upande wa kushoto bolti zenye meno yaliyochongwa kinyume, ili mzunguko wa gurudumu usilegeze nati. Kufungua, unazungusha upande ule ambao mikono yote duniani imezoea kukazia. Baba alinionya kwa rangi, mimi nikamjibu kwa bomba.

Bolti mpya imeingia. Nimeitia tone jekundu.

Wiki ya 5
Breki. Ngoma nne, silinda zake ndogo zote mpya, mabomba mapya, mafuta mapya. Kazi chafu, haina hadithi.

Wiki ya 7
Waya za plagi nimezipanga kwa zamu ya silinda kuwaka, 1-8-4-3-6-5-7-2, nikahesabu mara tatu. Nikapiga stata, ikawaka! Nikaachia ufunguo, ikazima. Nikarudia: ufunguo ukiwa kwenye stata inanguruma, ukirudi inakufa palepale.

Kabureta nikaisingizia siku mbili nzima. Mkosaji alikuwa rezista, kipunguza umeme cha kauri nyeupe kwenye ukuta nyuma ya injini. Wakati wa stata, koili, inayozipa plagi umeme wa cheche, hupata umeme moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, umeme hupitia kwenye rezista. Ikiwa imeungua, koili haipati kitu. Hapo nikakumbuka vipande viwili vya kauri nilivyokuta kwenye kiboksi cha dashibodi, vimefungwa ndani ya soksi. Nilikuwa nimevirusha kwenye sanduku la takataka za gereji ambalo, nashukuru uvivu wangu, sijalimwaga. Kimoja kimefungwa kwenye gari. Cha pili kimerudi kwenye soksi.

Wiki ya 8
Kilomita 12, mama kando yangu. Usukani hauna msaada wowote, kuegesha ni mazoezi ya mabega. Breki inavuta kulia. Ukikanyaga nusu ni gari la mzee mstaarabu. Ukizidisha, matundu mawili ya nyuma ya kabureta yanafunguka, sauti inabadilika kutoka kunguruma hadi kubweka, na kiti kinakupiga mgongoni. Kiwandani injini hii iliandikiwa nguvu za farasi 330. Mama alishika mlango tu.

Giza likaanza kuingia nikawasha taa. Zimefichwa nyuma ya grili, na vifuniko vyake hufunguliwa kwa mvuto wa hewa wa injini. Cha kulia kilifunguka mara moja. Cha kushoto kilikaa, kikafikiri, kisha kikapanda polepole kama jicho la mtu aliyeamshwa.

"Hilo jicho," mama akasema, "lilikuwa hivyo hivyo siku aliyonichukua nalo mara ya kwanza."

Kesho narekebisha breki ya mbele kushoto. Mpira mpya wa hewa wa kile kifuniko niliuagiza tangu wiki ya 6. Bado uko kwenye bahasha yake.