Risasi Zilizobaki Ndani ya Magazini

Bastola yenyewe ilikuwa Glock 17, lakini siyo niliyokabidhiwa kwanza. Mkufunzi wa shabaha aliniwekea mezani magazini tupu, yaani kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola, na boksi la risasi 50 za milimita 9, akasema, "Jaza mwenyewe."

Nilikuwa nimecheza gemu za vita tangu ujana, na humo magazini huja zimeshajaa. Unabonyeza kitufe, mkono unachomoa moja na kuchomeka nyingine, basi. Nani amezijaza, na lini, hakuna anayeuliza. Pale mezani nilizisukuma risasi moja moja, kila moja ikikandamiza zilizotangulia hadi iteleze chini ya kingo za magazini. Za mwanzo ziliingia bila taabu. Lakini kadiri springi ilivyobanwa ndivyo ilivyozidi kukaidi, na nilipoikaribia ya 17 kidole gumba kilikuwa kinawaka moto, chuma kimekiachia alama. Mkufunzi alitazama tu. Kipo kifaa kidogo cha kurahisisha kazi hiyo, naye alikuwa nacho. Alitaka kwanza mkono wangu ujue.

Mpaka leo naamini hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambalo gemu hutuficha. Nilimuuliza, "Sasa mwalimu, wanajeshi huwezaje?" Akanieleza kwamba risasi za bunduki kama M16 zinaweza kuja zimepangwa kumi kumi kwenye kibanio cha chuma, unakikalisha juu ya magazini na kuzisukuma zote kwa pamoja. Na kazi hiyo humalizwa mapema, kabla mtu hajaingia vitani.

Tulivaa miwani na vizuia sauti vya masikio, tukaanza. Mlio ulikuwa mkubwa, ndiyo, hilo kila mtu hulisimulia. Mimi lililonikaa ni zoezi la pili. Nipige kiasi, kisha nibadilishe magazini kabla haijaisha.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

Pembeni hapakuwa na tarakimu yoyote ya kunijibu, kama ile ya kwenye skrini ya gemu. Aliniagiza niichomoe, niitie mfukoni, nisiiachie ianguke, kwa kuwa risasi zilizomo bado ni zangu na zitakaa humo humo. Katika Counter-Strike, gemu niliyoizoea, ukipiga risasi 3 kati ya 30 za bunduki ya AK-47 kisha ukabadilisha, zile 27 hurudi kwenye akiba kama maji yaliyorudishwa mtungini. Mfukoni mwangu palikuwa na magazini isiyojaa, na kama ningesahau ni ipi, ningekuja kuichomeka tena nikidhani imejaa. Risasi iliyokuwa chemba, yaani ile iliyokwisha ingia kwenye bastola tayari kupigwa, nayo ilibaki chemba, kwa hiyo magazini mpya ya 17 ilinipa 18.

Zilipoisha kabisa, sehemu ya juu ya Glock ilirudi nyuma ikakwama huko, ishara kwamba iko tupu. Mkufunzi akasema AK-47 haina hisani hiyo: unafyatua, unasikia mgongano mkavu, ndipo unajua.

Usiku ule nililala nimechelewa kwa sababu ya Receiver, gemu ndogo ya Wolfire Games ya mwaka 2012. Humo kila kitendo kina kitufe chake: kuchomoa magazini, kutia risasi moja moja, kukoki. Ukitaka kujua zimebaki ngapi, ichomoe magazini uitazame. Niliicheza nikiwa bado nahisi kidole gumba kinauma, na kwa mara ya kwanza kilichokuwa kwenye skrini kilifanana na kitu nilichokigusa.

Sidai kila gemu iwe hivyo. Pambano la kasi lingekufa kwa vitufe vyote hivyo. Namba ya pembeni nayo ibaki, kwa anayeitaka. Ninachotamani ni kidogo tu: magazini niliyoichomoa ikiwa nusu, nikiirudia niikute nusu.