Pombe isiyosubiri wageni

Jumamosi, Machi

Leo kundi letu la waonja pombe za kienyeji tulionja kwa shemeji, Nkuhungu hapa Dodoma, nami nimerudi na ubishi mwingi kichwani kuliko kilevi.

Kundi letu ni zao la uhamisho. Serikali ilipohamia Dodoma watu walikuja na mafaili na familia, na wengine wakaja na mapishi ya pombe za kwao. Ndiyo maana chini ya mwarobaini mmoja unakuta mbege ya Mchaga, ya ndizi, wanzuki ya Mnyaturu wa Singida, ya asali, ulanzi wa Iringa ukipatikana, utomvu wa mwanzi uliochacha, na ujimbi wa mtama wa Wagogo, ambao ndio wenye mji. Gongo haliingii. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo na sina la kuongeza.

Ujimbi wa leo aliupika shangazi yake shemeji, aliyekuja kutoka Bahi kwa kazi hiyo. Anatumia mtama mwekundu, ule wenye ukakasi ambao hata ndege hawaushambulii sana. Mwezi huu mtama mpya bado uko shambani, hivyo ni wa ghalani, na kuuchambua tu kunakula nusu siku. Tangu sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi iue watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, Shangazi hana mchezo na punje yenye ukungu. Anaitupa, hata kuku hawapewi. Iliyobaki huilowesha, huifunika kwa gunia bichi mpaka ichipue, huianika juani, kisha husaga. Hicho ndicho kimea.

Kimea hicho hutiwa kwenye uji uliopikwa, nami nilimuuliza anajuaje uji umepoa vya kutosha kukipokea. Akaninyooshea mkono: "Tia kidole, mwanangu. Ukiweza kuhesabu kidogo kabla hujakitoa, tia kimea." Vitabuni wangesema nyuzi 60 hadi 70 hivi, kwa sababu kwenye uji unaotokota vimeng'enya vya kimea hufa, na wanga haugeuki sukari. Ukikosa sukari chachu haina cha kula. Kidole cha Shangazi kinajua yote hayo, ila mimi sikuthubutu kutia changu. Nitanunua kipimajoto.

Alionja yeye kwanza mbele yetu, kama desturi inavyotaka, ndipo kata ikazunguka. Siku hizi kila mtu huja na kikombe chake na kumiminiwa. Ni usafi, sawa, lakini zamani ukishika kibuyu ulikuwa unaona aliyekutangulia amekunywa kiasi gani, na uso wake ulikuwa maoni tosha.

Ulanzi ulikuja kwa basi la asubuhi kutoka Iringa, vifuniko vya chupa vimelegezwa ili zisipasuke njiani. Ulipogemwa ulikuwa mtogwa, mtamu, wa kumpa hata mgeni asiyezoea. Ulipofika Nkuhungu ulikuwa umeanza kuuma ulimi. Kufikia saa kumi jioni ulikuwa mkangafu kabisa, yaani mkali uliochacha, na mzee mmoja akakataa kikombe cha pili, akidai tumebadilisha chupa. Hakuna aliyebadilisha kitu. Mwanzi ukishakatwa, utomvu wake hauachi kuchacha kwa sababu wanywaji wako barabarani.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Kijana mmoja wa kundi anatengeneza bia ya shayiri na hopsi, maua machungu ya bia, nyumbani kwake Ilazo. Anaijaza kwenye chupa na sukari kidogo ili itoe gesi humo humo, anaziba, anasubiri wiki kadhaa. Leo alifungua tatu. Zilikuwa safi, za dhahabu, zenye povu jema, na zote zilikuwa na ladha ile ile, jambo ambalo yeye analihesabu ushindi. Akasema ujimbi nao ungepata heshima kama ungeweza kukaa kabatini hivyo.

Mimi sikubaliani naye, na nilimwambia. Bia yake tuliisifu kwa dakika mbili tukanyamaza. Ujimbi tuliuzungumza mchana kutwa kwa sababu kila kata ilikuwa na habari yake: ya saa sita bado ina utamu wa uji, ya saa nane uchachu na kilevi vimelingana, ya jioni imekaza na machicha yametuama chini. Mchaga wetu aliongeza kwamba hata mbege, ikishachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, ina siku yake. Kesho yake hata uchungu wa msesewe, gome la mti linalotiwa humo, hauiokoi. Kwa hiyo anayeonja mara moja na kutoa hukumu, amehukumu saa aliyofika. Kijana wa Ilazo alicheka akasema huo ni utetezi wa watu wasio na friji. Shangazi, ambaye hakuwa ametuuliza chochote, alimjazia kikombe na kumwambia anywe kwanza, jua linakwenda.

Zamu ijayo ni yangu. Nimeshaanza kuhesabu kurudi nyuma: pombe iive Jumamosi, iwekwe kimea katikati ya wiki, mtama ulowekwe wiki moja na ushee kabla ya hapo, tena nikiomba jua la kuanikia, maana mvua za Machi haziaminiki. Wenzangu wameandika kwamba watafika saa kumi baada ya mazoezi na misiba. Nimewajibu saa nane kamili. Atakayechelewa atakuta machicha, na nguruwe wa jirani nimeshawaahidi hayo.