Safari ya Nansio Kutafuta Umbo la Nyambizi

Fundi wa mitumbwi niliyeelekezwa kwake Nansio alinipa sharti moja kwenye simu: "Njoo na umbo moja, mwanangu. Mimi nachonga mbao, sichongi mawazo." Kwa hiyo nilipanda meli ya asubuhi Bandari ya Mwanza Kaskazini nikiwa na bahasha ya kaki iliyojaa michoro ya nyambizi, na safari nzima hadi Ukerewe ikawa ya kuchuja.

Mimi ni fundi redio, na modeli ya kukaa kabatini ikila vumbi hainisisimui. Ninachotaka ni nyambizi ya kihistoria iliyopunguzwa kwa vipimo vyake halisi, iongozwe kwa rimoti, izame Ziwa Victoria kwelikweli na iibuke. Zipo zinazouzwa kwenye boksi, vipande vya plastiki unavigundisha mwenyewe, na simcheki anayenunua. MV Victoria yenyewe iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaungwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Ziwa hili limezoea vyombo vya kuja kwenye makasha. Lakini boksi hilo likishafika Mwanza, ukijumlisha usafiri na ushuru, bei yake inakata hamu, na ile plastiki nyembamba haikutengenezwa ikutane na magugu maji.

Binamu yangu alinisindikiza kwa sababu alikuwa na wakwe wa kuwasalimia Nansio. Jiwe la Bismarck lilikuwa limeshabaki nyuma, harufu ya dagaa wa Mwaloni Kirumba bado inatufuata, na yeye keshaamua. Alitaka ya Kijerumani, Type VIIC ya Vita vya Pili vya Dunia.

"Hiyo ndiyo nyambizi, kaka. Hizo nyingine ni mabomba."

Kwa umaarufu sikumbishia. Nyambizi za Type VII zilizojengwa zilizidi 700, na moja, U-995, bado imesimama ufukweni Laboe huko Ujerumani, watu wanaingia na kupita ndani yake. Urefu wa Type VIIC ni mita 67.1. Gawa kwa 72, unapata sentimita 93, saizi ambayo bodaboda anaibeba bila kulalamika. Uzito nao unapungua, ila wenyewe unaugawa kwa 72 mara tatu mfululizo, maana urefu, upana na kimo vyote vimepungua kwa pamoja. Tani 871 za nyambizi iliyozama zinakuwa kilo mbili na robo na ushee. Tofauti kati ya kuelea na kuzama, ambayo kwa nyambizi halisi ni tani 102, kwa modeli ni gramu 270 hivi. Yaani farumi yake yote, ule mzigo wa kuizamisha, ni maji yasiyojaza hata chupa ya soda, na mabomba machache ya sindano yakisukumwa na mota ndogo yanatosha kuyavuta na kuyatema. Nilipomaliza hesabu hiyo binamu akajiegemeza kwenye reling kama mtu aliyeshinda kesi.

Tatizo la Type VII ni vidubwasha. Kuna vyuma vya kushikilia kuzunguka mnara, nyaya zinazotoka mnarani hadi mkiani, mzinga sitahani, propela mbili pembeni. Ghuba ya Mwanza ina siku zake ambazo magugu yanafunga hadi njia ya mitumbwi, na kila waya wa modeli hiyo ungerudi na shamba lake. Nikamwambia pia kwamba karibu robo tatu ya Wajerumani waliohudumu kwenye nyambizi katika vita hiyo hawakurudi nyumbani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bado ina sura nzuri. Ni kweli, ina sura nzuri.

Mchoro niliokuwa nimeupenda kuliko yote ulikuwa wa H. L. Hunley. Usiku wa tarehe 17 Februari 1864, nje ya bandari ya Charleston, Marekani, nyambizi hiyo iliizamisha manowari ya USS Housatonic, na ikawa ya kwanza duniani kuzamisha meli ya kivita. Haikuwa na injini. Ndani walikaa wanaume wanane, saba wakizungusha mkono wa chuma uliogeuza propela na mmoja akiongoza. Urefu ulikuwa kama mita 12, kwa hiyo ukigawa kwa 12 unapata mita moja, na ule mkono wa chuma unaweza kuufanya uzunguke kweli. Fundi gani asingetamani? Ila usiku uleule haikurudi. Na kabla ya hapo ilikuwa imeshazama mara mbili kwenye majaribio, ikaua watu watano, kisha wanane akiwemo Horace Hunley mwenyewe. Ilipoinuliwa mwaka 2000, mabaki ya mabaharia wake wa mwisho yalikuwa bado ndani.

Kwenye benchi la mbele yetu alikaa mama mmoja aliyekuwa anarudi Ukerewe baada ya kuuza machungwa mjini. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Umesema ilizama mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

"Na watu ndani?"

"Na watu ndani."

"Na wewe unataka kutuletea huku."

Hakusema kwa ukali. Aligeuka tu akaendelea kukunja magunia yake. Asiye mtu wa huku anaweza asielewe. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Ilibaki ikielea kifudifudi kwa muda, imebebwa na hewa iliyonaswa ndani. Ilipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa hai, hewa ikatoka, ikazama. Na huko tulikokuwa tunaelekea, MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa kufika Ukara. Watoto watakaojazana ufukweni kuitazama modeli yangu wataniuliza habari zake, na sitaki kuwajibu kwa hadithi ya Hunley, tena mbele ya watu ambao ndugu zao hawakufika. Mchoro ule niliurudisha kwenye bahasha na sikuutoa tena.

Baada ya hapo uchujaji ulikwenda haraka. I-400 ya Wajapani, mita 122, ilibeba ndege tatu kwenye banda lake. Ningezeeka nikichonga mabawa. Turtle ya David Bushnell, ile ya mtu mmoja iliyopelekwa kuishambulia HMS Eagle katika bandari ya New York mwaka 1776, ni ya mbao tangu asili na ingemfaa fundi wangu, lakini imekaa kiyaiyai, haina mwendo, na kwenye mawimbi ya mchana ingepelekwa Sengerema bila nauli. Ikabaki USS Nautilus, ya kwanza kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, ambayo tarehe 3 Agosti 1958 ilipita chini ya barafu hadi Ncha ya Kaskazini. Umbo lake ni safi, halina vikorokoro. Niliiweka juu, na chini yake nikaweka mchoro mmoja wa zamani ambao binamu hakuutazama hata mara mbili.

Tuliposhuka Nansio sikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nilikuwa na kifuniko cheupe cha ndoo ya rangi, nimekitoboa katikati, nimekifunga jiwe na kamba yenye fundo kila nusu mita. Nilikishusha pembeni ya gati. Fundo la kwanza lilipogusa maji kifuniko kilikuwa kimegeuka kijani. La pili, kikabaki kivuli. Kabla ya la tatu hakikuwepo tena. Vijana waliokuwa wanapakua kreti za soda waliniuliza kama navua sato kwa mfuniko.

Kipimo hicho ndicho kilichoanza kuiangusha Nautilus. Ziwa hili lina kina cha mita 80 hivi pale linapozidi, lakini kwa mtu aliyesimama ufukweni na rimoti, kina chake ni pale kifuniko kinapopotea. Sifa yote ya Nautilus ni kukaa chini muda mrefu. Ukiizamisha kwetu, unabaki unatazama maji matupu na watoto wanaondoka. Mawimbi ya redio hayakuwa kikwazo, maana maji baridi yana huruma. Rimoti nyingi za siku hizi zinatumia gigahezi 2.4, na hizo hukatika nyambizi ikizama kidogo tu, lakini rimoti ya zamani ya megahezi 40 hupenya maji yasiyo na chumvi kwa mita kadhaa. Wenzetu wa Dar wakijaribu hivyo baharini hawapati kitu.

Fundi tulimkuta chini ya mwembe, mtumbwi umelazwa ubavu, anasindilia nyuzi za pamba kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mti. Anapiga mara mbili, anasogea kidogo, anapiga tena, na sikio lake liko kwenye mlio kuliko macho yalivyo kwenye mbao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Umbo liko wapi?"

Nikamwambia yamebaki mawili. Akacheka, akaweka nyundo chini, akaikagua michoro kwa zamu bila kuuliza jina la nyambizi wala la nchi. Aliuliza hivi:

"Mashine ikizimika katikati ya ziwa, ipi inarudi juu?"

Nautilus ikishavuta maji ya kuzamia hairudi mpaka kitu kiyasukume nje. Betri ikifa ikiwa chini, basi. Hiyo nyingine ndiyo ile ambayo binamu hakuitaka, Holland. John Philip Holland alikuwa mwalimu wa shule, mzaliwa wa Liscannor, Ireland, mwaka 1841, akahamia Marekani mwaka 1873. Nyambizi yake ya sita ilishushwa majini tarehe 17 Mei 1897, na tarehe 11 Aprili 1900 Jeshi la Majini la Marekani likainunua kwa dola 150,000. Juu ya maji ilitumia injini ya petroli, chini ikatumia mota ya umeme. Lakini kilichonileta kwake ni namna yake ya kuzama. Matangi yalijazwa mpaka ibaki na wepesi kidogo wa kuelea, basi; kilichoipeleka chini ni mwendo, mapezi ya nyuma yakiinamisha pua. Propela ikisimama, ule wepesi unaipandisha wenyewe. Tena haikuwa na periskopu, ilibidi nahodha aibuke achungulie kwenye vidirisha vya mnara, kisha ainame tena. Zama, ibuka, zama, ibuka. Mtu wa ufukweni angetaka nini zaidi?

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Huyo mwalimu aliyaogopa maji," akasema. "Anayeyaogopa ndiye wa kumpa chombo." Akarudisha Nautilus kwenye bahasha yangu kwa mkono wake.

Kipimo kiliamuliwa na bomba. Ndani ya mwili wa mbao, ambao utaachwa uingie maji, panahitajika chumba kikavu cha betri na mota, na hicho ni bomba la plastiki la inchi nne, lile la maji taka, sentimita 11 nje kwa nje. Holland ilikuwa na urefu wa mita 16.4 na upana wa mita 3.1. Kwa 1 kwa 24 inakuwa sentimita 68 kwa 13, hivyo kila upande panabaki sentimita moja ya mbao. Ikizama kabisa itakuwa na kilo tano na nusu pungufu kidogo. Mzee alilaza kipande cha bomba juu ya ubao, akachora mzingo wake kwa mkaa, akachora mwingine nje yake kwa jicho tu. Nilipopima kwa rula, sikuwa na la kumsahihisha.

Tulibishana juu ya mbao. Nilikuja na wazo la paini kwa sababu ni nyepesi na inachongeka. Yeye akasema mvule, maana wepesi siuhitaji, nitatia risasi za uzito tumboni vyovyote vile. Akasema mwili ukatwe nusu mbili kwa urefu, ya juu na ya chini, nusu ya juu ifunguke, na kati yake upite mpira wa tyubu ya baiskeli ili nusu hizo zisigongane. Kisha akanionya nisiweke risasi siku nitakayoichukua. Mbao mpya hunywa maji hata ukiipaka rangi. Iloweke kwanza, ishibe, ndipo uanze kuipima. Risasi zenyewe, akasema, nisihangaike, ninunue zile za nyavu.

Tulikula sato na ugali wa muhogo, nikalipa nusu ya fedha. Kazi ataianza mbalamwezi ikiisha, giza likirudi. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanakuwa nchi kavu na kila mmoja anamletea mtumbwi wa kuziba, hana hata nafasi ya kukaa.

Binamu alibaki kwa wakwe. Mimi nilirudi kwa njia ya barabara, kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, kisha Bunda, Lamadi, Magu, vumbi na joto, hakuna cha kusimulia. Mwanza nilishukia mjini, nikapitia Makoroboi kwa jamaa wanaofua bati na shaba, nikataka propela moja ya shaba, nene kiasi cha kukata magugu bila kupinda. Kijana aliuchukua mchoro wa Holland, akaugeuza juu chini, akauliza ni boti ya wapi. Nikamwambia ya Marekani, inazama. Akasema kama inazama basi elfu kumi na tano. Nikasema kumi. Tukaishia kumi na mbili, niifuate Ijumaa.