Nilivyobandua jedwali la nadharia ukutani

Katika mtihani wangu wa kwanza wa utangulizi wa saikolojia kulikuwa na swali kuhusu mwanamume wa miaka 45, mwenye kazi na familia, anayelalamika kwamba haoni alichokifanya duniani. Nikaandika hatua zote 8 za ukuaji wa mtu alizozieleza mwanasaikolojia Erik Erikson, kwa mpangilio wake, tangu utoto mchanga hadi uzee, pamoja na umri wa kila hatua. Sikukosea hata moja. Karatasi iliporudi nilikuta alama 38 kwa mia, na pembeni msahihishaji ameandika: "Umeorodhesha. Hujajibu."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimebandika ukutani jedwali kubwa la wanazuoni walioeleza ukuaji wa mtu kwa hatua: Freud hatua 5, Erikson 8, Piaget 4, Kohlberg 6. Kila usiku nilikariri. Matokeo yake mtoto wa miaka 4 alikuwa na makazi matatu kichwani mwangu, moja kwa Freud, moja kwa Erikson, moja kwa Piaget, nami sikuweza kueleza kwa nini watu watatu wamtazame mtoto yuleyule na kila mmoja aone jambo lake.

Nilianza kujinasua niliposoma jinsi Jean Piaget alivyoanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Paris, akisaidia kuandaa vipimo vya akili vya watoto. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi, lakini yeye akavutiwa na yale yaliyokosewa, kwa sababu watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Baadaye aliwachunguza wanawe watatu tangu wakiwa wachanga. Hapo nikapata swali ambalo jedwali langu halikuwa nalo: huyu bwana alikuwa anamtazama nani, na ni kitu gani kilichomshangaza?

Nikaamua nishangae na mimi. Mpwa wangu alikuwa na miaka 5 na dada yake miaka 8. Nilijaza maji glasi mbili zinazofanana, mdogo akakubali kwamba yako sawa. Kisha mbele ya macho yake nikamimina ya glasi moja kwenye glasi ndefu nyembamba.

"Wapi kuna maji mengi?"

"Hapa, mjomba."

"Kwa nini?"

"Yamefika juu."

Nikayarudisha kwenye glasi ya awali. Sasa yako sawa, akasema. Nikamimina tena. Mengi, akasema, bila kusitasita hata kidogo. Nilikuwa nimesoma kwamba atajibu hivyo, lakini kusoma ni jambo moja na kumwona mtoto mwerevu, anayenishinda kukumbuka vitu vilikowekwa, akiamini kwamba maji yameongezeka njiani ni jambo lingine kabisa. Dada yake akashindwa kuvumilia: "Si yaleyale, mjomba? Umeyamimina tu. Hii ni nyembamba, ndiyo maana yamepanda."

Sentensi zake chache zilibeba hoja mbili ambazo Piaget alizisikia kwa watoto wa kuanzia miaka 7 hivi: kwamba hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, na kwamba kimo kinafidiwa na wembamba. Nilikuwa nimezikariri kama tafsiri kavu, na sasa binti wa miaka 8 alikuwa ananieleza kwa hasira kidogo.

Nikamfundisha mdogo jibu. Akalirudia vizuri. Kesho yake nikapanga mistari miwili, kila mmoja vifungo 6, nikautanua mmoja, naye akasema huo una vingi. Jibu la maji alikuwa nalo, ila halikuwa limemsaidia kuona.

Lakini sikuishia kumkubali Piaget mzima mzima, na nadhani hapa ndipo nilipoanza kusoma saikolojia kweli. Mwaka 1974 wanasaikolojia James McGarrigle na Margaret Donaldson waliuliza: je, mtoto hadhani kwamba mtu mzima akibadilisha kitu makusudi kisha akarudia swali lilelile, basi anataka jibu jipya? Walimtumia dubu wa kuchezea, mtundu, aliyeuvuruga mmoja wa mistari miwili kama ile yangu "kwa bahati mbaya". Watoto wengi zaidi wakatoa jibu sahihi. Nami nikachukua mwanasesere, akaja mbio, akaparaganya vifungo. Mpwa wangu akacheka, kisha akasema viko sawa. Mtoto yuleyule, vifungo vilevile. Kwa hiyo sehemu ya kosa lilikuwa lake, na sehemu lilikuwa la swali langu. Tangu siku hiyo kila niliposoma kwamba mtoto wa umri fulani "hawezi", nilitafuta kwanza aliulizwaje.

Nikabandua jedwali. Badala yake nikawa na daftari, kila mwanazuoni ukurasa wake, na juu nimeandika alimtazama nani. Kwa Freud nikaandika: watu wazima wa Vienna wanaosimulia utoto wao, si watoto wenyewe. Hilo peke yake lilinieleza kwa nini nadharia yake imejaa matamanio yaliyozikwa, na kwa nini ni vigumu kuipima. Yale majina matatu ya Kilatini ya sehemu za nafsi, id, ego na superego, yaliyonitisha, nikagundua aliyapachika mfasiri wa Kiingereza. Freud mwenyewe aliandika Kijerumani cha kawaida, kwa maana ya "hicho", "mimi" na "mimi wa juu". Yakaacha kunitisha.

Erikson alizaliwa mwaka 1902, hakumjua baba aliyemzaa, akalelewa na baba wa kambo, na alipokuwa raia wa Marekani akachukua jina jipya la ukoo. Sishangai kwamba swali la "mimi ni nani" ndilo alilolishika kuliko mwingine yeyote. Kwa Mary Ainsworth, aliyechunguza jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mama yake, niliandika akina mama na watoto wachanga aliowafuatilia majumbani Uganda mwaka 1954 na 1955, kabla ya jaribio lake la maabara huko Baltimore, ambamo mama humwacha mtoto kwa muda mfupi kisha akarudi. Nilikuwa nimekariri kwamba jambo ni mtoto kulia mama akitoka. Kumbe kinachotazamwa zaidi ni anavyompokea akirudi: je, anatulia, anamkwepa, au anamng'ang'ania huku akimsukuma?

Kwenye mada ya haiba, yaani sifa za kudumu zinazomtofautisha mtu na mwenzake, daftari hilo liligoma, maana wanaopima sifa za watu hawakuanza na mtoto wala mgonjwa. Walianza na kamusi. Mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walichambua kamusi ya Kiingereza, wakakusanya karibu maneno 18,000 ya kumwelezea mtu, na kutokana na njia hiyo, baada ya miaka mingi ya kuchuja, wengine wakafikia sifa kuu 5. Basi nikafungua kamusi ya Kiswahili. Mchangamfu, mkimya, mcheshi. Mpole, mchoyo, mkaidi. Mchapakazi, mzembe. Mdadisi. Mwenye wahaka, mtulivu. Jioni moja tu na mafungu matano yakaanza kuonekana kwenye sakafu, kila neno kwenye kikaratasi chake.

Vilivyonifundisha zaidi ni vikaratasi vilivyokataa kukaa. "Mwenye haya" nilimweka kwa wakimya, nikamhamishia kwa wenye kuwajali wenzao, nikamrudisha, maana haya kwetu ni woga wa kuonekana na ni adabu pia. "Mtundu" ni mkorofi, na ni fundi wa kubuni vilevile. Tena tuna silika, hulka, tabia na haiba, maneno manne, na watu huyachanganya hata madarasani. Niliyatenganisha mwenyewe: silika ya kuzaliwa nayo, hulka iliyokomaa, tabia inayoonekana kwa vitendo, haiba ikiwa jumla yake. Ndipo nikaelewa alichokipinga mwanasaikolojia Walter Mischel mwaka 1968 aliposema sifa hizi zinabashiri kwa udhaifu kile mtu atakachofanya mahali fulani. Alikuwa anauliza kuhusu tabia, wenzake wakijibu kuhusu hulka.

Mtihani wa marudio ulikuwa na kisa cha mjane aliyeacha kutoka nje. Nilichagua wanazuoni wawili tu. Nikaeleza kila mmoja angemuuliza mjane yule swali gani na asingeuliza lipi, kisha nikasema yupi ananishawishi na kwa sababu gani. Nilifaulu vizuri.

Miezi kadhaa baadaye nilimtolea mpwa wangu zile glasi tena. Nikamimina.

"Wapi kuna mengi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Ni yaleyale."

"Mbona ulisema haya ya juu ni mengi?"

"Mimi? Hapana, mjomba. Sijawahi kusema hivyo."