Kibadilisha gia cha 1983 kimerudi kazini

Baiskeli yangu ya mbio ilikuwa ikiruka gia kila nikipanda mlima. Fundi akasema kibadilisha gia cha nyuma, Shimano 600 (Shimano ni kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli), kimekufa, ninunue kipya. Sikukubali. Nilikifungua, nikapangusa grisi iliyoganda mgongoni, zikatokea herufi mbili: HC. Kwa Shimano za enzi hizo herufi ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, na ya pili ni mwezi. Basi Machi 1983, mzee kweli! Springi ilikuwa nzima. Vilivyokwisha ni vile vigurudumu viwili vya mnyororo, meno yamechongoka kama ya papa. Niliyahesabu: 10. Nikatafuta vipya vya meno 10, tundu la milimita 5, nikafunga kwa tone la oili. Skrubu za mipaka, zinazozuia mnyororo usipite gia ya mwisho, nilizigusa mwisho, robo mzunguko kila mara.